Kimea Kabla ya Pombe

Siku ya tatu, ulezi uliolazwa kwenye gunia hunukia tango, lile tango changa linalokatwa na maji yake kurukia vidole. Mama mmoja wa Chala, ambaye huotesha kimea cha kuuza na cha kupikia pombe yake mwenyewe, hufungua mdomo wa gunia, huinama akanusa, kisha huzamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Nje ni Juni, Ufipa, watu wamevaa makoti na pumzi inaonekana. Lakini katikati ya gunia mna joto la mtoto mwenye homa. Anachomoa mkono na kutazama punje zilizomganda kiganjani. Kila moja imetoa uzi mweupe, na nyuzi zimeanza kushikana.

"Bado," anasema. "Kesho alfajiri."

Uamuzi huo wa kungoja hadi alfajiri ndio ufundi ninaotaka kuusifu. Kilabuni husifiwa mpika pombe. Ndiye anayejulikana, ndiye wateja wanayemfuata hata akihamia uchochoro mwingine. Mwotesha kimea, hata anapokuwa mtu yule yule, hakuna anayemtaja. Nami naona kwamba utamu na uchungu wa pombe ya ulezi umekwisha kuamuliwa kabla kuni hazijawashwa.

Wanaopika bia nyumbani Uingereza na Marekani hubishana sana kuhusu kimea cha msingi, yaani kile kinachobeba pombe nzima, chenye wanga wa kugeuka sukari na vimeng'enya vya kuugeuza. Vimea vya kukaangwa, vya kutia rangi na manukato, huongezwa kidogo tu. Cha msingi ndicho kinachojaza sufuria. Kwao nafaka kuu ni moja, shayiri, na ubishi ni wa mbegu na wa namna kimea kilivyokaushwa. Wapo wasiotaka kusikia jingine ila Maris Otter, shayiri iliyozalishwa Cambridge na kuwafikia wakulima katikati ya miaka ya 1960, ikakaribia kusahauliwa, kisha ikarudishwa mashambani na watu waliokataa kuachana na ladha yake. Wapo pia wanaosema kwamba hao hao, wakifungwa macho, hawataitambua. Ubishi mzuri. Chala, kituo cha njiani baina ya Sumbawanga na Namanyere, ubishi wa aina hiyo ni mpana zaidi, maana nafaka zenyewe ni tatu: ulezi, mahindi, na mtama ambao ni wa bondeni zaidi kuliko wa huku juu kwenye baridi.

Ulezi ndio mwenyeji. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa kati ya 1962 na 1964, aliwakuta Wafipa wakila ugali wa ulezi na kuulima kwa matuta yao ya mviringo, ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha mkulima hukata nyasi, huzikusanya na kuzifunika kwa udongo. Zinaozea humo ndani. Tuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata hutawanywa, kisha ulezi humwagwa juu ya udongo huo ulioshiba. Baadaye yakaja mahindi. Miaka ya 1970 na 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa ya kulisha taifa mahindi, mbolea ya ruzuku ikafika, na ugali ukawa mweupe. Ulezi ukabaki na kazi zake mbili ambazo mahindi hayakuziweza vizuri, uji na pombe. Ndiyo maana leo ukimwona mtu wa Chala analima ulezi, hakosi kuwa na mtungi akilini, hata kama ni mtungi wa jirani.

Kazi yenyewe huanzia kwenye kuchagua. Ulezi mkavu hukaa ghalani miaka mingi bila kubunguliwa, na hilo ni jambo la kujivunia kwa mwenye njaa. Kwa mwotesha kimea ni mtego. Punje iliyokaa sana bado ni chakula lakini uhai wake umepungua, na gunia lenye punje nusu hai na nusu mfu halitoi kimea, hutoa uvundo, kwa sababu zile mfu huoza katikati ya zilizo hai. Basi mama huyu hanunui ulezi kwa macho. Huchukua konzi, huifunga kwenye kitambaa kilicholowa, huiweka jikoni karibu na mafiga, na baada ya siku mbili hurudi kwa muuzaji na jibu.

Baada ya hapo ulezi huoshwa, huondolewa mchanga, hulowekwa usiku kucha na mara nyingine hadi jioni ya siku ya pili, maji yakibadilishwa. Humwagwa kwenye gunia, maji yakatiririka, likafungwa na kulazwa ndani ya nyumba mahali penye giza, juu ya nyasi. Kuanzia hapo anayejua kazi halali vizuri. Ulezi unaoota hujitengenezea joto, na joto likizidi, punje za katikati huungua wakati za pembeni bado zimelala. Likipungua, kama inavyotokea usiku wa baridi kali, kuota hudorora na ukungu hupata nafasi. Anageuza gunia, analipapasa, ananyunyiza maji kwa kiganja, anavunja mabonge pale mizizi inaposhikana. Huko Ulaya wenye viwanda vya zamani bado hutandaza shayiri sakafuni na kuigeuza kwa koleo la mbao kwa sababu hizo hizo, ila wao hutafuta ubaridi, nyuzi 15 hivi, ambamo shayiri huota taratibu. Ulezi ni mmea wa joto, unataka nyuzi 25 na zaidi. Kuuotesha Ufipa mwezi Juni ni kuulinda kama yai chini ya kuku, na gunia ndilo bawa.

Kwa nini asubiri hadi alfajiri? Punje inapoamka huanza kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ili mmea mchanga upate cha kula. Ukiusimamisha mapema mno, vimeng'enya ni vichache na punje ndani ni unga mbichi. Ukichelewa, mizizi imekwisha kula sukari uliyoitaka iwe pombe, na kinachobaki ni maganda yenye ladha ya majani. Kati ya hapo na hapo pana muda mfupi, kwa ulezi pengine nusu siku, na hakuna saa ya ukutani inayouonyesha. Kuna harufu, joto, urefu wa uzi ule mweupe, na namna punje inavyopondeka ukiibana kwa kucha.

Niliwahi kutaka kuonja tofauti hizo bila pombe, maana pombe ina kelele nyingi: uchachu, ulevi, ukali. Wamarekani wana njia rahisi ambayo chama chao cha wakemia wa bia kiliirasimisha: gramu 50 za kimea kilichosagwa, mililita 400 za maji ya nyuzi 65, vyote kwenye chupa ya chai, tikisa, subiri dakika 15, chuja, onja. Jikoni Chala chupa za chai hazikosekani. Tulipanga vikombe juu ya benchi, cha ulezi, cha mtama mweupe, cha mahindi, na cha shayiri ambayo rafiki yangu mmoja aliipata kwa mtu anayepika bia mjini.

Maji ya shayiri yalikuwa ya rangi ya majani makavu, yenye ladha ya biskuti na mbali kidogo asali. Yananyweka. Ya mahindi yalinukia kuliko yalivyokolea: pua iliahidi mahindi ya kuchemsha, ulimi ukapata utamu mpana usio na mwisho wala mwanzo, na mafuta kidogo kwenye midomo. Ya mtama mweupe yalikuwa safi, matamu waziwazi, na yakaisha haraka. Ya ulezi ndiyo yaliyonikalisha chini. Rangi yake ni ya maji yaliyopita kwenye udongo mwekundu, na huwezi kumshawishi mgeni ayanywe kwa kuyatazama. Kwanza huja ladha ya ganda la mkate uliookwa kwa kuni, kisha karanga mbichi, kisha, ukishameza, uchungu mdogo unaokausha pembe za ulimi na kukufanya utake tena. Uchungu huo ni wa tanini zilizo kwenye ngozi ya punje nyekundu. Ulezi mweupe, ambao si rahisi kuupata, una tanini chache; kimea chake ni laini na, kwa kinywa changu, kinachosha upesi.

Mtama mwekundu sikuuonja siku ile, lakini ni lazima utajwe. Ile aina ambayo ndege huikwepa kwa uchungu wake ina tanini nyingi kiasi cha kuvishika vimeng'enya vyenyewe na kuvizuia kufanya kazi. Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, watu walipata dawa bila maabara: huchanganya mtama na majivu ya kuni na maji kabla ya kuuotesha, na majivu huzituliza tanini. Nikifikiria jinsi mtu wa kwanza alivyofika hapo, namwona mwanamke aliyekataa kutupa gunia zima la mtama usiofaa.

Kulikuwa na kikombe cha tano. Kilikuwa cha ulezi vilevile, wa shamba lile lile na mavuno yale yale, ila ulioteshwa nyumba nyingine na kusimamishwa siku moja baadaye. Hapo ndipo nafaka ilipoacha kuwa habari kuu. Kati ya ulezi huu na ulezi ule kulikuwa na umbali mkubwa kuliko kati ya ulezi wa kwanza na shayiri. Mkate ulikuwa umetoweka. Palikuwa na nyasi zilizofyekwa, utamu mwembamba, na uchungu uliosimama peke yake bila cha kuuegemea. Mwenye kimea hicho si mzembe, na pombe yake ina wateja. Alipenda mizizi mirefu kwa sababu kimea chenye mizizi mirefu huonekana kingi kwenye ungo. Mama wa kimea cha kwanza alikionja akanyamaza kwa adabu.

Yeye ana kipimo chake, nacho hakitumii chupa ya chai. Hupika uji mzito wa unga wa mahindi, mzito hasa, mwiko unasimama. Huuepua, huuacha upoe mpaka kidole kinaweza kuingia na kutoka mara moja lakini hakiwezi kukaa. Kisha hunyunyiza kijiko cha kimea na kukoroga. Kwa muda mfupi hakuna kitu. Halafu mwiko unaanza kuinama. Uji unang'aa, unalegea, unatiririka kutoka kwenye mwiko kwa uzi mmoja, na kabla hujamaliza kushangaa umekuwa kinywaji. Halikuongezwa tone la maji. Ni vimeng'enya vinavyokata nyuzi ndefu za wanga zilizokuwa zimeshika maji. Ukionja utasikia utamu ambao haukuwapo. Kimea kibovu huchukua muda mrefu, au uji hubaki umesimama, na mwenye kimea hicho hana la kujitetea.

Jambo hilo hilo liliingia kwenye maandishi ya kitaalamu mwaka 1983, A. C. Mosha na Ulf Svanberg walipochapisha utafiti wao uliofanyika Tanzania juu ya unga wa nafaka zilizooteshwa: mtoto mdogo hawezi kumeza uji mzito, na uji mwepesi haumshibishi, lakini kijiko cha kimea hulegeza uji mzito huku chakula kikibaki chote. Maarifa ya mtungi yakapelekwa kwenye bakuli la mtoto. Sioni aibu yoyote hapo, ingawa nimewahi kusikia watu wa kanisani wakijikuna vichwa.

Nguvu hiyo ya ulezi ndiyo iliyoufanya uajiriwe hata kwenye pombe za nafaka na matunda mengine. Kati ya nafaka zetu za joto, kimea chake hugeuza wanga vizuri kuliko cha mtama, na cha mahindi kiko nyuma kabisa. Wachagga huuweka kwenye mbege, juu ya ndizi zilizochemshwa, na magome ya msesewe yakaongeza uchungu. Magharibi mwa Kenya busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, lakini kinachoufungua unga huo ni kimea cha ulezi. Komoni ya Nyanda za Juu Kusini huchanganya mahindi na ulezi kwa hesabu hiyo hiyo: mahindi ni mengi na rahisi, ulezi ni mdogo na unafanya kazi. Mtu akisema anakunywa pombe ya mahindi, muulize aliyeyafungua mahindi hayo ni nani.

Kukausha ni kazi ya jua. Juni na Julai mbingu za Ufipa hazina wingu, hewa ni kavu, na kimea kilichotandazwa juu ya turubai hukauka kwa siku moja au mbili, kikiingizwa ndani jioni kabla ya umande. Watoto hulinda kuku. (Kuku wa Chala wanajua kimea kuliko wanywaji, wakipewa mafungu mawili hawahangaiki na lile baya.) Viwandani shayiri hukaushwa kwa hewa ya moto: kimea cha bia nyeupe za Wacheki na Wajerumani humalizia kwenye nyuzi 80 na kitu, cha Munich hupita 100, na humo ndimo rangi na ladha ya mkate huzaliwa. Jua haliwezi hayo. Ule mkate niliouonja kwenye ulezi umetoka kwenye punje na ngozi yake, haukutoka kwenye moto, na kwangu hilo ni ajabu lisilokwisha.

Jua huacha kitu kingine. Bakteria wa uchachu, waliopanda juu ya punje tangu shambani na kwenye gunia, hawafi kwa joto la turubai. Wanasagwa pamoja na kimea na kuingia mtunguni. Kwa hiyo anayenunua kimea cha nyumba fulani ananunua na uchachu wa nyumba hiyo, ambao pengine umekuwa ukihama kutoka gunia hadi gunia tangu enzi za mama mkwe wa mwenye nyumba. Magunia hayo husuuzwa, hayachemshwi. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa nisiguse.

Na punje zenyewe ni ndogo mno. Punje 1,000 za ulezi zina uzito wa gramu 2 au 3. Za shayiri hukaribia gramu 40. Shayiri tena ina ganda gumu, na mpika bia huliacha lijipange chini ya chombo liwe chujio la kazi yake. Ulezi hauna ganda la kumsaidia mtu. Ukiusaga umeusaga, hakuna kinachobaki cha kuchujia. Hiyo ndiyo sababu pombe ya ulezi huja na unga wake, nzito, na ndiyo sababu watu wa Teso na wengine wengi wanaokunywa ulezi kwa maji ya moto walilihamishia chujio kwenye ncha ya mrija. Mgeni huona mrija mrefu akadhani ni pambo la ukarimu.

Niliwahi kukaanga kimea kidogo kwenye chungu kikavu mpaka kikawa cha kahawia, nikitaka kuona kama ulezi utatoa kitu cha kufanana na kile cha Munich. Kilinukia kahawa na ganda la maandazi. Mama alikipima kwa uji wake, kama nilivyojua atafanya, na uji ukasimama wima. "Hiki kimekufa," alisema, bado akikitafuna. Halafu akaongeza konzi yake mwenyewe ya kimea kibichi, uji ukaanguka, akauonja mchanganyiko huo mara mbili. Akafunga kilichobaki kwenye karatasi na kukiweka juu ya rafu, penye chumvi. Sikuuliza atakifanyia nini.

Shayiri ya rafiki yangu aliionja pia, punje baada ya punje, akitema maganda kwa pembeni. Nilitaka sana aseme lolote: ni tamu kuliko ulezi, ni hafifu, inafaa, haifai. Alisugua moja katikati ya vidole, akaikata kwa kucha akatazama ndani, akanusa.

"Siwezi kukisema kimea cha mtu mwingine, mwanangu. Niletee punje zake mbichi."

Shayiri hulimwa kaskazini, Monduli na Karatu. Nimemwahidi kilo mbili kabla ya baridi kupita, za mavuno mapya.